Viputo Ndani ya Maji

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wifi na watoto. Natumaini nyote hamjambo. Mimi mwili uko salama, ila moyo haujatulia; tangu nishike kalamu, nainuka, naenda dirishani, narudi, na huko nje hakuna kitu ila uzio na pikipiki ya mlinzi.

Ile kazi ya maabara imefanikiwa. Ulinicheka ukasema nimesomeshwa nije kuyapigia maji kelele. Basi ndivyo! Tunatumbukiza fimbo ya chuma kwenye chupa, inatetemeka kwa sauti isiyosikika kwa sikio. Ndani ya maji vinazuka viputo vidogo mno, na vikipasuka vinatoa joto kali la kuzifanya kemikali ziungane ziwe dawa. Hatuhitaji tena kile kiyeyushi cha kuchanganyia kemikali, kinachochoma pua. Maji na spiriti kidogo ya miwa vinatosha. Mkuu wetu, tunayemwita Mama Subira kwa sababu hana hata chembe, alivua barakoa akanusa chupa, akacheka mpaka akakaa chini.

Wenzangu walishangilia. Mimi nilitoka nje nikiyawaza matangi yenu. Kiwanda chenu kinatengeneza dawa hiyohiyo kwa kiyeyushi kilekile, na anayeingia kuyasafisha ni wewe. Ulipokuja kunitembelea nyumbani nilikukuta umeegemea ukuta wa bafu, ukingoja kizunguzungu kipite. Ukaniapisha nisimwambie mtu, maana wakijua watakutoa kazini, na watoto watakula nini?

Juzi meneja wenu alikuja kuiona mashine. Aliisifu, ila akasema hakuna haraka, matangi ya zamani yanafanya kazi na hakuna aliyewahi kulalamika. Mama Subira akaanza kumweleza habari za mito na samaki wanaodhuriwa na kiyeyushi hicho. Meneja akatazama saa yake. Hapo nikausikia mdomo wangu ukisema, "Anayeingia kwenye matangi hayo ni kaka yangu, na anaumwa."

Ndiyo, kaka. Nimesema.

Aliuliza jina lako, nikampa. Amesema utaitwa, utapelekwa kwa daktari, wala hutaingia tena tangini. Atamleta pia fundi wake mkuu aijaribu mashine yetu. Kuhusu kazi yako hakuniahidi kitu, nami sitakudanganya.

Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika popote, kwa hiyo nimempa dereva wetu barua hii akuletee mkononi kabla hujaitwa ofisini. Ruhusa sikukuomba kwa sababu ungeninyima. Nimejaribu kujuta, nimeshindwa. Kuogopa tu ndiko ninakoweza, na naogopa kutwa nzima.

Msalimie sana wifi. Kama hajui, mwambie wewe mwenyewe. Ukitaka kunigombeza, njoo, nitapika, tugombane mpaka tuchoke. Nikasirikie, kaka, lakini nikasirikie ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako,
mkaidi kama wewe.