Taa Jike Kutoka Gazi

Jumatatu, 5 Machi 1956
Gunia la samaki taa wakavu limefika Voi kwa treni kutoka pwani. Nimewapima kwa futi ya fundi cherehani. Upana inchi 22! Mwaka juzi 31. Idadi ile ile, arobaini — lakini arobaini ya nini? Mama Wakio, mteja wangu, amegeuza mmoja, akaniuliza kama siku hizi nauza majani ya mgomba. Wote wakacheka. Miaka tisa nimejenga hii meza ya sokoni kutoka karai moja kichwani, leo nachekwa. Na ni Kwaresima, Wakatoliki wa Bura wanataka samaki.

Jumapili, 11 Machi
Nimetoka Gazi. Nilienda mwenyewe kwa Mwatsahu, mvuvi anayenikaushia, kuuliza mbona taa wamekuwa wadogo. Wavuvi wakamwaga wavu. Taa jike mkubwa akaanguka mchangani, akazaa hapo hapo! Wawili, wamejikunja kama chapati, macho wazi. Na mimi miaka yote nilidhani wanataga mayai maelfu kama samaki wengine. Huku Voi wanafika wamepasuliwa, tumbo tupu — ningejuaje?

Nikauliza huzaa wangapi. Wawili, watatu, akasema, wanne akibahatika. Tena majike huja maji madogo kuzaa, na ndiko wavu uliko. Basi hawa huzaa kama mbuzi, si kama kuku! Nani huchinja mbuzi mwenye mimba?

Nikamwambia jike mkubwa amrudishe majini angali hai, aniletee madume. Dume ana vijiti viwili kando ya mkia, hata akikauka vinaonekana. Mwatsahu akacheka: Mama Katuku, wewe mtu wa bara wamfundisha Mdigo bahari? Akakubali. Kwa mdomo.

Jumatano, 14 Machi
Nimemwomba Maundu wa meza ya pili tukatae majike pamoja. Anasema yeye ni muuza samaki, si mkunga. Hesabu yangu ya wanaozaliwa na wanaovuliwa hata hataki kuiona. Mjinga!

Jumatano, 21 Machi
Gunia limefika. Madume 6, majike 34. Nimeuza, nifanye nini? Nimemwandikia Mwatsahu: likija lingine hivi, nalirudisha.

Jumanne, 27 Machi
Siku tatu kabla ya Ijumaa Kuu. Niko stesheni. Nimefungua gunia — wamekata mikia yote! Na sehemu ya vijiti, kisu kimepita. Arobaini, hajulikani dume wala jike. Huyu Mwatsahu ananiona mtoto?

Nimepima watano. Inchi 27, 28, 27, 29, 28. Dume sijawahi kupima akazidi 20; hawa ni majike wakubwa wa kuzaa.

Josephat, karani, anasema nipokee au nikatae, treni ya kurudi Mombasa ni saa kumi. Maundu amejiegemeza kwenye mizani. Usijisumbue mama, ananiambia, ukilikataa mimi nitalinunua. Mezani kwangu wanawake wa Bura wamefika na vikapu. Kumi na tisa, nimewahesabu nikitoka.

Saa kumi kasorobo. Josephat ameweka karatasi ya kupokea au kukataa mbele yangu, na kalamu. Anauliza mbona naandika kwenye kitabu changu na siandiki pale.