Kompresa ya Njogu

Walter, nilikuwa natia tairi upepo kwa pampu ya mguu niliposikia mngurumo kwa jirani Njogu.

Kompresa, mashine ya kujaza upepo. Ya lita hamsini. Ile ile niliyoichagua mimi, baada ya miezi minne ya kuulizia madukani!

Nilimwonyesha juzi daftari nililoandikia yote kuihusu, Walter. Mimi mwenyewe.

Akaniita juu ya ukuta: "Mzee Kinyanjui, wewe endelea kusoma, sisi tunajaza!" Mke wangu akacheka. Wacera, akacheka!

Pampu hii naikanyaga tangu themanini na tatu.

Hajui kwamba tangi hukusanya maji, na usipoyamwaga kila jioni hushika kutu kwa ndani. Ukurasa huo sikumfungulia.

Tairi nimeiacha nusu. Kesho nitaimalizia, na pengine nitamwambia.