Nani Anaimba Hapa Nyumbani

Bungoma, Jumatano, 1953

Sijakasirika, nashangaa tu. Tangu mume wangu alete gramafoni kutoka Kitale, kila jioni tunasikiliza santuri ya nyimbo za kanisa. Sauti ni tamu. Watoto wananyamaza, hata mimi natulia. Nilidhani kutulia huko ndiko kuomba.

Leo mama mkwe alikuja kututembelea, akauliza, "Na nyinyi mnaimba saa ngapi?"

Mume wangu akamjibu, "Si hiyo inaimba, Mama."

Jibu hilo limenisumbua. Alipotoka kufunga ng'ombe, gramafoni sikuigusa. Nilianza mwenyewe wimbo ambao nimeuimba tangu nibatizwe.

Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili nautafuta mpaka sasa.