Picha ya Kifua cha Mama

Buswelu, Mwanza
9 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Ndalahwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Magu, wewe, wifi Rose na watoto, na kwamba mpunga mmeuwahi kabla ndege hawajaumaliza. Mimi na mume wangu tu wazima wa mwili. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mama yuko chumba cha pili na husikia kila neno. Tena kwenye simu ungenikatiza nisifike mwisho.

Kaka, kile kikohozi si kifua kikuu. Makohozi yalipimwa mara mbili, hawakuona vijidudu. Wakachukua kinyama kidogo kwenye pafu, na Jumanne Daktari Najat akaniita peke yangu. Ni saratani ya mapafu, na imeshafika kwenye ini. Alisema hakuna tena cha kukata. Tumepewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu tu.

Nilimwuliza inawezekanaje, mama ambaye hajawahi kushika sigara. Akataka kujua alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia miaka thelathini na moja ya kubanika sangara pale Igombe, uso juu ya tanuri. Akanieleza taratibu. Mwili una askari wake wa kwanza, wasiosubiri kumjua adui. Moshi ukiingia, askari hao hukimbilia pafuni, pakavimba, wakapigana, na kazi ikiisha huondoka ili pafu lipone. Lakini moshi wa mama haukuwa na siku ya kuisha, basi askari wakapiga kambi. Sumu yao ikawa inachoma chembe za pafu lenyewe, nazo kila zikijitengeneza upya zikakosea, mpaka moja ikakosea vibaya. Uvimbe ulipoanza, wakauhudumia kama kidonda cha kuponywa, wakauletea damu, ukakua. Nikasema, "Kwa hiyo mwili wake mwenyewe ndio uliolea ugonjwa huu?" Akajibu, "Ulikuwa unajaribu kumlinda."

Sasa nakwambia kwa nini neno hilo halinitoki.

Unakumbuka miaka mitatu iliyopita, mwezi wa harusi yangu, mama alipopigwa picha ya kifua? Majibu niliyafuata mimi, yeye alikuwa na samaki motoni. Niliwaambia nyote ni kovu la nimonia ya zamani. Si kweli. Daktari wa wakati ule alinionyesha doa dogo, akasema mama aache moshi siku hiyohiyo na arudi ndani ya wiki mbili. Harusi ilikuwa imebaki siku tisa. Nilijua ukoo ungeiahirisha, nami nilikuwa nimesubiri miaka minne. Nikajiambia nitasema baada ya harusi. Baada ya harusi nikaona aibu, halafu nikajisadikisha kwamba doa limepotea lenyewe. Karatasi niliichana, nikaitupa chooni. Mama aliposikia ni kovu tu alipiga vigelegele, na kesho yake alfajiri akarudi kwenye tanuri.

Nilimwuliza Daktari Najat, bila kujitaja, kama wakati ule angepona. Alisema doa la namna hiyo mara nyingi hukatwa, mtu akaishi.

Jana nikimwogesha, mama alinishika mkono akasema, "Odeta, Mungu alinipa binti ili nisife kama ng'ombe porini." Niliendelea kummwagia maji. Sijui nimwambie, au nimwache aondoke akiniamini. Njoo kabla ya Jumapili ijayo, kaka. Ukitaka kunipiga, nipige, ila tutoke nje ya nyumba ili asisikie.

Wasalimie wifi na watoto wote. Mume wangu anakusalimu, naye bado hajui lolote kuhusu ile karatasi. Mama ameniona nikiandika, ameniagiza nikwambie kwamba anaendelea vizuri.

Mimi mdogo wako,
Odeta