Kura Moja Cimpunda

Siku ya tatu ya juma, magaribi

Ndiyo, moja tu! Miye kandida konseye wa komini, ni kusema diwani, wale wenye wataenda kutuchagulia burugumesta, mukubwa wa komini, nimepata kura moja. Liste ya matokeo wameibandika ku mulango ya masomo, pale tulichagulia, mutaa yetu Cimpunda yote iko inacheka.

Asubui nilimugombeza bibi yangu, Mama Neema: "Ile moja ni yangu! Yako ulipeleka wapi?"

"Papa Neema, nilikupa. Hata ile picha yako, umekunja uso sawa mutu anaumwa meno, niliifinya ku mashini ya kura."

Sikuamini. Lakini sasa ndiyo nakumbuka. Mwezi muzima nilikuwa na kazi ya kulipwa, kupigia kandida mwingine wa hii konseye kampanye na megafone, pale ku soko ya Nyawera: "Numero vingt-trois! Numero vingt-trois!" Kufika mbele ya mashini ya kura, kidole ikajiendea ku vingt-trois, ile makumi mbili na tatu yake. Sura yake ikatokea. Nikamusalimia, "Bonjour, patron," nikavalide, kura ikapita.

Mama Neema, najua unasomaka hii kaye yangu ya kuandikia mambo ya siku nikienda kuoga. Tupatane: usiambie mutu nilichagua nani, na miye kesho nitasema mbele ya mama yako kwamba ile kura moja ilikuwa yako.