Msanapiti Nyuma ya Tanuri

Jumanne, 9 Februari

Obdulia kaja asubuhi kuomba makaa, eti kwake moto umegoma. Wifi yangu huyu haji bure hata siku moja. Alinikuta naumwagia msanapiti wangu yale maji ya chokaa ninayochemshia mahindi ya totopo, mikate yetu mikavu ya tanuri, kama kila siku. Akasimama, mikono kiunoni, akauangalia mti kutoka juu mpaka chini. Majani tele, mapana, yanang'aa. Maua? Hata la dawa.

"Wifi," akasema, "huu ni mti wa mama yetu. Unawajua wa kwao. Mtu wa kuja hauwezi kumchanulia."

Mtu wa kuja! Nimeolewa mtaa huu ningali kigoli, nimezaa humu, mama yake nimemuuguza mimi mpaka siku ya mwisho — na bado mimi ni wa Ixtaltepec! Ixtaltepec nilikozaliwa na hapa ni pua na mdomo. Nikampa makaa, madogo madogo, na jivu la nyongeza.

Mti huu ulikuwa kijiti tu, kanipa marehemu mama mkwe mwenyewe. Alikivunja kwenye mti wake akanikabidhi mkononi, binti yake akiona. Kimekuwa mti. Lakini kuchanua, miaka yote hii, wapi.

Alhamisi, 18 Februari

Kikao cha wanawake, nyumbani kwa Herminia. Yeye ndiye mwenye sherehe ya Msalaba mwaka huu, tarehe 3 Mei. Alipouliza nani ataleta shada la kuuvika Msalaba, macho yote yakamgeukia Obdulia, maana ndiyo mazoea: shada hutoka kwenye ukoo wao, na hulileta yeye. Hajafungua kinywa, changu kikafunguka.

"Mwaka huu naleta mimi. Maua ya uani kwangu."

Ulimi hauna mfupa. Obdulia akatabasamu — tabasamu lile nalijua — akasema vizuri sana, basi yeye maua yake atayapeleka yote kaburini kwa mama, kama anavyofanya kila siku ya Msalaba.

Nimerudi nyumbani moja kwa moja mpaka chini ya mti. Mume wangu Eustorgio kaniuliza kama nitayakata kwa karatasi hayo maua. Kati ya dada yake na mimi yeye huwa hana upande, ana utani tu.

Nikishindwa, Obdulia hatahitaji kusema neno. Mtaa mzima utasema kwa niaba yake.

Jumamosi, 20 Februari

Nimepita kwa Obdulia kurudisha chekecheke. Nikauona mti wake: mtupu! Vijiti, jani hakuna. Moyo ukaruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kwa sauti ya pole kama mti unaumwa.

Akacheka, huku ananyonyoa kuku. Kwa nini uumwe? Tangu Siku ya Wafu, Novemba, haujaonja tone la maji. Msanapiti ukishiba, akasema, unaota majani na kulala. Ukiona kiu ndio unakumbuka maua. Wala hakuinua macho. Sijui kama alijua amenipa nini.

Nimetembea njia nzima nikijitukana. Wangu unakunywa kila siku! Kwetu maji ya mahindi hayatupwi, ni dhambi. Kila mwanamke anayechoma totopo ana mti wake wa kuunywesha. Kumbe kwa mapenzi yangu nimeulewesha maji miaka yote hii.

Kuanzia leo ndoo inakwenda mtaroni. Mama yangu angeniona angenichapa.

Jumapili, 13 Machi

Majani yamekwisha kuanguka. Yote. Eustorgio anasema kuni za Pasaka tumepata.

Usingizi wenyewe wa mang'amung'amu. Leo nimeshindwa kungoja, nimekwaruza tawi kwa ukucha. Maziwa yakatoka! Meupe, mazito, yananata. Uko hai, umenuna tu. Nikauambia hata mimi nimenuna, tutaona nani atachoka.

Totopo za leo zimetoka nzuri mno. Nimezila na kamba wakavu mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 26 Machi

Jumamosi Kuu. Kengele zilipolia, mtaa mzima ukatoka uani na mifagio na mikanda kuichapa miti ili izae. Paa! Paa! Huku mkwaju, kule mlimau. Mimi nilichukua mkanda wa Eustorgio. Kaishika suruali yake kwa mkono, anacheka mpaka machozi.

Nikauambia mti: kula umekula, kunywa umekunywa, leo utanieleza! Nikauchapa kisawasawa. Halafu nikauonea huruma, nikaupapasa pale nilipopiga.

Obdulia akapaza sauti kutoka njiani: nisiuvunje, ni wa mama. Nikaongeza kiboko kimoja. Hicho kilikuwa chake.

Jumatano, 6 Aprili

Kuna kitu nchani! Si jani. Nalijua jani la msanapiti linavyochungulia, hili silo. Ni kidude chekundu kizito, kimekunjika kama vidole vya kifaranga. Na tawi la pili pia. Na la ukutani!

Nilipiga ukelele Eustorgio akaja mbio na panga, akidhani ni nyoka. Nikamkumbatia na panga lake. Sijamwambia mtu mwingine. Lisemwalo mapema huota kijicho.

Nina furaha, jamani. Nimeimba hadi unga umeisha.

Jumatano, 27 Aprili

Upepo wa kaskazini, wakati huu wa mwaka! Tangu jana unavuma kama una kisasi. Bati la Herminia limeonekana barabarani.

Wangu umekingwa, tanuri upande mmoja, ukuta upande mwingine. Umepoteza vichala vichache. Ila mti wa Obdulia uko wazi, hauna pa kujificha. Nimepita pale mchana. Vichala vyote chini. Alikuwa amechutama anaokota maua yaliyopondeka, anayatia kwenye sketi yake, moja moja, kama yatafaa kwa kitu.

Nilitaka kufurahi. Nilijaribu kabisa. Sikuweza. Nikapita bila kumsalimu, nisimtie aibu.

Jumatatu, 2 Mei

Kesho ndio Msalaba. Yamefunguka! Meupe, katikati manjano ya kiini cha yai. Uani kote kunanukia, hata moshi wa tanuri umeshindwa. Eustorgio kachomeka moja sikioni, kaenda nalo sokoni bila haya.

Nimeyahesabu kwa macho. Yanatosha shada moja zuri. Mawili hayatoshi.

Sasa hivi Obdulia kaja. Na kikapu kitupu. Hakutaja makaa. Alisimama mlangoni, jambo ambalo hajawahi kufanya, yeye huingia tu. Nikamwambia karibu. Akasema pale pale:

"Wifi, sina cha kumpelekea mama."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, nimeyaweka tangu Februari, yamepangwa vizuri. Nikayaacha. Nikamwambia apite, achume mwenyewe anayotaka.

Akafika mpaka chini ya mti. Akainua mkono, akaurudisha.

"Chuma wewe," akasema. "Mti ni wako."

Nimeingia ndani eti kutafuta uzi. Naandika nimesimama. Herminia na wale wote wanangoja shada langu kesho asubuhi, na niliahidi kwa kinywa kipana. Na yule mama aliyekivunja kijiti akanipa, naye je? Nikimpa Obdulia nusu, Msalaba utavaa kitu kama uzi wa nguo. Nikimnyima —

Ananiita. Anasema jua linapanda, maua yatanyauka. Anasema nilete sindano mbili, tutatunga pamoja.