Wekundu Umeshika, Wifi

Wifi yangu Zuhura,

Kimeisha! Nimekivua kwenye sindano, nikakaa ukumbini peke yangu, nnacheka na machozi yananitoka. Kile kitambaa cha kichwa ulichotaka mwanao Salma avae siku ya harusi yake. Na kavaa, wifi. Kavaa.

Tangu uondoke, nyumba hapa Jambiani imepoa. Kaka yangu, mumeo, bado anamimina chai vikombe viwili asubuhi, halafu anakumbuka. Mimi sindano zilinishinda hata kuzishika. Kila nikizigusa nakusikia: "Wifi, hiyo si korosho, hiyo ndoana!" Maana yale maua ya korosho nikiyafuma yanapinda, na wewe unacheka mpaka unajilaza mkekani.

Na wekundu ule! Tulichemsha magome ya mkoko, tukatia uzi, tukajisifu, kumbe kitambaa chetu cha kwanza kitakwenda kulichujia rangi gauni jeupe la jirani yetu, Bi Fatma. Alituvimbia siku nyingi. Umekufa wifi, wekundu bado hautaki kushika.

Basi siku moja natia shabu kwenye ndoo ya maji machafu, naona tope lote linatulia chini. Nikasema, mbona nisijaribu kwenye uzi? Nikauchemsha na shabu kwanza, ndipo nikautia kwenye magome. Nikaufua. Nikaufua tena. Maji safi! Rangi ya manjano nikaitoa kwenye maganda ya vitunguu. Nikafuma, nikafumua, nikafuma, mpaka korosho zikakaa korosho.

Siku ya harusi Bi Fatma kakiona tu, kaguna mbele ya watu: "Kioshwe kwanza. Bibi harusi kavaa nyeupe."

Nikaomba beseni jeupe na sabuni, nikakifua pale pale uani, wanawake wamenizunguka. Nikakikamua. Bi Fatma kainama, kayatazama maji, kisha kachovya ncha ya mtandio wake mweupe. Ukatoka mweupe vile vile.

"Haya," kasema, "mnangoja nini? Pigeni vigelegele!"

Laiti ungevisikia! Bibi harusi akangoja kitambaa kikauke juani. Nilipomfunga, alijitazama kwenye kioo, akasema, "Shangazi, nnamuona mama." Nikamkumbatia.

Sasa kaniomba nimfundishe. Tunaanza wiki hii, yeye na mimi, kwenye baraza yako. Nakuahidi, akiharibu sitampokonya sindano. Nitakaa pembeni yake nimwache afumue mwenyewe, kama ulivyokuwa ukiniacha mimi.

Buriani, wifi yangu. Allah alitie nuru kaburi lako. Nilidhani nitakuandikia kwa huzuni, na tazama, nnakuandikia mikono yangu ina rangi na roho yangu imejaa.

Wifiyo,
Mwanaisha